Mama wa kituo anataka nisaini nimpe watoto wa marehemu yaya yangu, dada yangu mkubwa. Nishaurini

Mama Makala (Katuba, Lubumbashi, Kongo)
Jambo ndugu zangu. Naomba mnisome hadi mwisho.

Yaya yangu alifariki mwaka jana, akaacha watoto watatu: msichana wa miaka 12, mvulana wa miaka 9 na kadogo wa miaka 4. Baba yao alienda Kolwezi kuchimba, akatuma franga mara mbili, kisha simu yake ikanyamaza. Tangu hapo wako kwangu. Mimi nauza makala (makaa) ya kupima, mume wangu ni mlinzi wa usiku, na tuna wetu wawili. Nyumba ni vyumba viwili. Unga ukipanda bei, meka moja (kopo la kupimia unga) tunaivuta siku mbili, watoto wanakula bukari (ugali) jioni tu.

Huyu wa miaka 9 ndiye ananinyima usingizi. Shule ameiacha. Mara tatu amelala kwenye soko la Mzee Kabila pamoja na mashege, watoto wa mitaani. Bibi yake wa upande wa baba anasema ni ndoki, yaani mchawi, eti ndiye aliyemla mama yake, na mchungaji wao anataka akae siku tatu bila kula wamwombee. Nilikataa.

Siku kumi zilizopita alikuja mama mmoja wa kituo cha mayatima. Anataka hawa wadogo wawili, mkubwa abaki. Anasema watakula mara tatu, watasoma, pengine watapata wazazi Ulaya. Karatasi aliyoleta imeandikwa kwamba watoto wametelekezwa. Nilimwomba wiki mbili, zimebaki siku nne. Nikisaini, nimewatupa? Nisiposaini, nitawalisha nini?

Yaya wa Ruashi
Usisaini. Wametelekezwa na nani, na wewe ndiye unayewapikia?

Kijana wa Kamalondo
Mama, mimi nimelelewa kituoni tangu miaka 6 hadi 18. Sitakudanganya, mkate tulikuwa nao kila asubuhi, na nguo za Noeli pia. Lakini dada yangu mdogo walimpeleka nyumba nyingine, kwa sababu yetu ilikuwa ya wavulana. Nilimpata tena baada ya miaka tisa, huko Likasi, nikamsalimia kama mgeni. Nilipofika miaka 18 waliniambia nikajitegemee. Sikujua ukoo wa mama yangu unaishi wapi, wala nani angekaa upande wangu siku ya kuposa. Ukiweza, wasiachane hao watatu. Hilo tu ndilo ninaloliomba kwako.

Papa Deo
Mnaongea vizuri sana kuhusu ukoo, lakini ukoo huo uko wapi leo jioni sufuria ikiwa tupu? Mimi nilizika mtoto wa kaka yangu. Alianza kuvimba miguu, tukasema ni mambo ya ndoki, kumbe ni njaa. Wanaomwambia huyu mama asisaini, wamletee unga kwanza.

Yaya wa Ruashi
Papa Deo, pole sana. Una haki. Mama Makala, niandikie pembeni, mimi ninauza unga. Meka mbili kila Jumamosi, hadi mwaka wa shule uishe.

Msaidizi wa Jamii
Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, hasa komini, yaani sehemu za mji wetu, za Kenya na Katuba. Papa Deo amegusa penyewe: huyu mama amekosa unga, na jibu la unga ni unga. Hata Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 kuhusu watoto wanaokosa malezi ya wazazi unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao.

Sasa hiyo karatasi. Sheria yetu ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, ndiyo iliyounda mahakama ya watoto, na kumweka mtoto kituoni ni jambo la jaji wa watoto. Mtu hawezi kulimaliza mlangoni kwako kwa kalamu. Neno "wametelekezwa" linamfuta baba, linakufuta na wewe. Na Ulaya? Mwaka 2013 serikali ilisimamisha ruhusa za kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni, kwa sababu iliogopa yanayowapata watoto huko. Anayekuahidi Ulaya kabla hata hujasaini, mwogope.

Nenda ofisi ya mambo ya kijamii ya komini, karatasi hiyo uibebe. Waeleze kila kitu, na soko pia usilifiche. Uliza habari ya vyeti vya kuzaliwa. Kama hawakuandikishwa ndani ya siku 90, itabidi mahakama ya watoto itoe hukumu ya kufidia, yaani ya kuziba pengo la uandikishaji huo. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, wakikudai ada ya mwezi lalamika.

Kuhusu ndoki: sheria hiyo hiyo inamfunga mwaka 1 hadi 3 anayemwita mtoto mchawi. Mwambie bibi kwa heshima, ni mama mkwe wa marehemu. Mchungaji mwambie bila kuzunguka. Na mtoto asibaki naye hata saa moja.

Kijana wa Kamalondo
Huyo wa miaka 9, je, kuna mtu amemuuliza kwa nini analala sokoni? Mimi hawakuniuliza kamwe.

Mama Makala
Nimewasoma wote, nimelia. Yaya wa Ruashi, Mungu akuone.

Kijana, swali lako lilinikaa rohoni. Jana usiku nikamkalisha nje, kwenye magunia, nikamuuliza. Alinyamaza sana. Kisha akasema: "Mama mdogo, nilikusikia ukimwambia papa kwamba sahani hazitoshi. Nikaona nikitoka, itabaki moja ya kadogo."

Ndoki wao ndiye huyo.

Kesho naenda komini, naye nitamchukua, na dada yake. Anayejua ofisi inafunguliwa saa ngapi aniandikie, nataka nirudi kabla jua halijawa kali, makala hayajiuzi.