Kanoni mdogo, prebendari, kanoni mkazi: ni kupanda cheo?

mtafiti_wasifu
Wadau, habari. Naandika wasifu wa kasisi wa Kianglikana huko Uingereza, karne ya 19. Kumbukumbu zinamtaja kwanza shemasi, mwaka uliofuata kasisi, halafu kanoni mdogo, prebendari mwaka 1836, na kuanzia 1841 anaitwa kanoni. Alikuwa anapanda ngazi? Na mapato yake yalitoka wapi?

kiti_cha_kwaya
Usianze na cheo, anza na jina la kanisa kuu, yaani kanisa la askofu. Makanisa makuu ambayo hayakuwahi kuwa na watawa, kama Lincoln, Salisbury na York, yalikuwa na prebendari wengi: kila mmoja ana kiti chake kwenye kwaya (sehemu ya kanisa wanapokaa makasisi na waimbaji) na mapato ya ardhi fulani, lakini wakazi, yaani wanaokaa na kuhudumu hapo kwa zamu, ni wachache tu. Kule Lincoln mpaka leo juu ya kiti utaona jina la ile ardhi na maneno ya kwanza, kwa Kilatini, ya zaburi alizopangiwa mwenye kiti.

Durham, Canterbury na Winchester ni habari nyingine. Mfalme Henry VIII alipovunja nyumba za watawa aliyapanga upya, na humo prebendari ndiye mkazi mwenyewe. Sheria ya 1840 ikaagiza wajumbe wote wa baraza linaloongoza kanisa kuu, isipokuwa mkuu wa kanisa kuu, waitwe kanoni. Basi kama mtu wako alikuwa Durham, prebendari wa 1836 na kanoni wa 1841 huenda ni kiti kilekile kilichobadilishwa jina. Ukiandika "alipandishwa cheo" umeharibu sura nzima.

Kanoni mdogo ni kazi ya kuimba ibada za kila siku. Usimhesabu kuwa mjumbe wa baraza.

hesabu_za_sadaka
Kuhusu mapato: sheria hiyohiyo iliondoa mapato ya viti vya wasio wakazi, ila waliokwisha kuvikalia waliendelea kula mpaka walipoondoka au kufa. Kwa hiyo tarehe ya kuteuliwa ndiyo inayoamua: asiye mkazi wa 1836 alilipwa, wa 1845 alipata heshima tu. Angalia pia usichanganye tarehe ya kuteuliwa na ya kusimikwa (kuwekwa rasmi kwenye kiti). Zinaweza kupishana kwa wiki kadhaa, hata kuvuka mwaka.

Kanoni mkazi alitakiwa kukaa miezi mitatu kwa mwaka. Iliyobaki mara nyingi alikuwa na parishi nyingine, kwa hiyo fungua na rejesta za huko: ukikuta sahihi za kasisi msaidizi mfululizo, pengine bwana alikuwa zamu kanisa kuu.

kiti_cha_kwaya
Nyongeza, maana hapa wengi huteleza. Kiongozi wa uimbaji kule Salisbury ni mtu wa pili baada ya mkuu. Durham alikuwa kanoni mdogo tu. Na chansela wa kanisa kuu ni kasisi, wakati chansela wa dayosisi ni hakimu wa mahakama ya askofu.

mtafiti_wasifu
Ni Winchester. Nafuta aya mbili za wasifu wangu.