Wauguzi, tupeane uzoefu: siku uliyoona huruma imekuishia

mkunga_wa_leba: Kuna mahali nimekuta watu wanasema manesi hatuna utu. Imenichoma. Mlio kazini, ni lini uliona moyo umekufa ganzi?

zamu_ya_usiku: Watoto wawili, malaria kali, usiku mmoja. Asubuhi niliwasoma kwenye ripoti bila kusikia chochote ndani. Hapo ndipo nilipoogopa.

dada_wa_ICU: Ganzi hiyo naijua.

baba_mapacha: Mimi si muuguzi. Mke wangu akiwa leba aliambiwa, "Mbona wakati wa kuitafuta hiyo mimba hukupiga kelele?" Uchovu wenu nauelewa. Na wake je?

zamu_ya_usiku: Unajua wauguzi wawili, vitanda vimejaa, wengine wamelala chini?

baba_mapacha: Najua, nilikuwepo. Hao waliolala chini ndio wanaotukanwa.

mkunga_wa_leba: Kaka ana haki. Tusiteteane kwa hilo.

nesi_wa_wilaya: Ngoja niseme langu. Mama kajifungua vizuri, kondo limetoka zima. Nageuka kumpima mtoto uzito, nasikia, "Sista, naona giza." Kufunua khanga, damu imejaa kitandani. Nikachoma oksitosini ya kuzuia damu, nikakanda tumbo la uzazi, dripu mikono yote miwili, huku naita watu. Damu ya kundi lake haikuwepo. Alikuwa amenishika sare hadi alipoachia. Kitanda cha jirani mama mwingine anasukuma! Nikabadilisha glavu, nikampokea mtoto. Baadaye sanduku la maoni likafunguliwa: "Nesi wa usiku kanuna, hata hongera hakutoa." Kikao cha kujadili kifo kikauliza saa ya sindano, patografu (chati ya uchungu), rufaa. Hayo lazima yaulizwe. Ila hakuna aliyeniuliza mimi nikoje, na usiku uliofuata nilipangwa leba ileile.

dada_wa_ICU: Jamani. Pole sana.

mama_kliniki: Na mtoto?

nesi_wa_wilaya: Bibi yake anamlea. Kliniki wanakuja, nampima mwenyewe.

sista_mstaafu: Wanangu, msijifanye mawe. Toka nje, lia, nawa uso, rudi.

zamu_ya_usiku: Ndugu wakikuona unalia watasema umeua. Bora kuomba kuhamia chanjo.

mama_kliniki: Njoo huku chanjo ujionee foleni, halafu uniambie habari ya kupumzika!

dada_wa_ICU: Ganzi hii ni sehemu ya uchovu wa kazi, "burnout". Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya: si ugonjwa, ni hali inayoletwa na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Nguvu zinaisha, unaikinai kazi, ufanisi unashuka. Kwa hiyo msituambie tusali tu wakati ikama, yaani idadi ya watumishi, haitoshi.

sista_mstaafu: Kusali nako kunasaidia, mwanangu.

mkunga_wa_leba: Kwetu inchaji mpya, msimamizi wa wodi, ameanza hivi: kikitokea kifo, aliyekuwepo anakaa pembeni nusu saa, chai mkononi, yeye mwenyewe anashika vitanda vyake. Kauli wodini zimebadilika, naziona.

baba_mapacha: Sisi ndugu tunaweza kuwaombea hiyo nusu saa? Kwa nani, mganga mfawidhi?

nesi_wa_wilaya: Anza kwa matroni, mkuu wa wauguzi, kaka. Ratiba za zamu anazo yeye. Na la mkeo liandike pia, lisomwe kikaoni.