Pepa ya maikro imebaki wiki mbili na chanjo haziingii kichwani, mnazisomaje?

BintiMaabara
Habari zenu wakuu. Nipo diploma ya maabara mwaka wa pili, pepa ya maikro na imyunolojia ni baada ya wiki mbili. Kwenye bakteria niko vizuri, hata uniamshe usiku wa manane nakutajia nani ni Gram chanya nani hasi, ila nikifika chanjo na kinga ya mwili kichwa kinagoma kabisa. Madesa ninayo, kuna lile jedwali refu la chanjo hai, zilizouawa, toksoidi, konjugeti, nimelikariri mara tatu na kila nikifunika daftari linayeyuka. Test iliyopita niliandika chanjo ya pepopunda ni chanjo hai, nikakosa, halafu kukawa na swali kwa nini mtoto anasubiri miezi 9 ndo apewe surua wakati BCG, ile ya kifua kikuu (TB), anachomwa akizaliwa tu, nikaacha wazi na lilikuwa na maksi 10. Sitaki sapu jamani, nyumbani wamejinyima sana nifike hapa. Waliopita njia hii mlisomaje?

FundiHadubini
Mdogo wangu, hilo jedwali liweke pembeni kwanza. Mimi nilifeli nalo hivyo hivyo mpaka mtu akanionyesha njia nyingine: kabla hujataja aina ya chanjo jiulize huyu mdudu anaumiza watu kwa njia gani, jibu la chanjo linakuja lenyewe.

Chukua pepopunda. Clostridium tetani wamekaa pale pale kwenye kidonda, hawasambai mwilini, kinachoua ni sumu yao inayopanda na neva. Sasa kama adui ni sumu kuna haja gani ya kuuonyesha mwili bakteria mzima, tena aliye hai? Unauonyesha ile sumu ikiwa imezimwa kwa fomalini, umbo limebaki ila makali hayapo, hiyo ndo toksoidi. Dondakoo ni habari hiyo hiyo. Ukishaelewa hivi huwezi tena kuandika pepopunda ni chanjo hai hata ukiwa na usingizi.

Surua ni kirusi, kinaingia ndani ya seli na kuzaliana humo. Kingamwili, zile protini za kinga kwenye damu, zinakikamata kikiwa nje, lakini seli ikishaambukizwa anatakiwa seli T wa CD8, askari muuaji wa kinga, aje aiue, na njia nzuri ya kumwamsha huyo ni kumpa kirusi kinachozaliana kweli ila kimedhoofishwa. Ndo maana surua, rubella, homa ya manjano na matone ya polio zote ni hai. BCG pia ni hai japo ni bakteria, kwa sababu TB inajificha ndani ya makrofeji, zile seli za kinga zinazomeza wadudu. Calmette na Guérin walimhamisha Mycobacterium bovis mara 230 kwenye viazi vyenye nyongo ya ng'ombe, miaka 13 nzima, mpaka akapoteza ukali, na mtoto wa kwanza akapewa mwaka 1921. Hiyo 230 huwa naipenda sana, fikiria uvumilivu wa wale watu.

Halafu konjugeti, hapa kaa hapa tulia maana ndo wengi wanaachia maksi. Hib na pneumokoki, bakteria wa kichomi na homa ya uti wa mgongo kwa watoto, wanavaa koti la sukari, polisakaridi. Seli T hatambui sukari, anatambua vipande vya protini, kwa hiyo seli B, mtengenezaji wa kingamwili, akikutana na sukari peke yake hapati msaada, na mtoto chini ya miaka 2 bila huo msaada hatengenezi kitu cha maana wala kumbukumbu haibaki. Wakafanyaje? Wakaifunga ile sukari kwenye protini, mara nyingi toksoidi ya pepopunda au dondakoo. Seli B anashika sukari, anameza vyote viwili, anamwonyesha seli T kipande cha protini, anasaidiwa, anabadili kutoka IgM (kingamwili za mwanzo) kwenda IgG (zile za baadaye zinazodumu) na kumbukumbu inabaki. Chora hiyo picha kwa mkono wako mara tano bila kuangalia desa.

Homa ya ini B ni protini ya ganda tu, inatengenezwa na hamira, haina shida hiyo.

MkungaWaKliniki
Nyongeza mwanangu, kadi ya kliniki ya mtoto ni desa tosha. Kama kuna mtoto hapo nyumbani omba kadi yake uweke mezani, kila mstari uulize kwa nini. BCG na matone akizaliwa, penta (dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na Hib kwenye sindano moja) na ya kichomi wiki ya 6, 10 na 14, surua-rubella miezi 9 na tena 18.

Lile swali lako la maksi 10 liko hivi. Mama anampitishia mtoto IgG kwenye kondo, hasa miezi ile ya mwisho ya mimba. Ukimchoma surua akiwa mchanga zile kingamwili za mama zinakikamata kirusi cha chanjo kabla hakijazaliana, kwa hiyo umechoma bure. Ikifika miezi 9 za mama zimeshapungua sana. BCG haizuiliwi hivyo maana kinga ya TB inategemea zaidi seli T, na seli T za mama hazimlindi mtoto, tena unataka umuwahi mapema kabla hajapata homa ya uti wa mgongo ya TB.

Na kwa nini penta mara tatu? Siyo hai, haizaliani mwilini, dozi ya kwanza inatoa IgM na IgG kidogo basi, zinazofuata zinaamsha kumbukumbu na IgG inapanda haraka na kwa nguvu. Ina alamu, yaani chumvi ya alumini, ya kuchochea kinga, ndo maana ikiganda kwenye friji inaharibika hata ukiiyeyusha, usisahau nyuzi 2 mpaka 8. Kina mama wanatembea mbali kuleta watoto, inaniuma sana nikiona chanjo imeganda.

Kaka_wa_Kiambu
Sasa, mimi niko Kenya nasomea mifugo na kwetu hii mada inafunzwa na sotoka, ugonjwa wa kirusi uliokuwa unaua ng'ombe. Mbuga na maboma ya Afrika Mashariki yaliwahi kumalizwa na huo ugonjwa, halafu Walter Plowright akiwa Muguga hapa Kiambu akadhoofisha kirusi kwa kukihamisha kwenye seli za figo za ndama, moja ya chanjo bora zaidi za mifugo, na 2011 ikatangazwa sotoka imeisha duniani. Kirusi chake ni ndugu ya surua kabisa. Ndui nayo mgonjwa wa mwisho wa kuambukizwa kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca Somalia, Oktoba 1977.

Wakikuuliza kwa nini hizo ziliisha na pepopunda haiwezi, jibu ni venye pepopunda inatoka kwa udongo, haitoki kwa mtu. Hata kijiji chote kikichanjwa, wewe ambaye hujachanjwa msumari utakupata tu, hakuna kinga ya jamii hapo. Surua mgonjwa mmoja anaweza ambukiza 12 hadi 18 kama wote hawana kinga, ndio maana wanataka karibu asilimia 95 wachanjwe.

BintiMaabara
Jamani asanteni, nimekaa na kadi ya mtoto wa dada yangu tangu jioni na kwa mara ya kwanza inaeleweka. Nipeni swali nijipime.

FundiHadubini
Haya. Mtu hajawahi kuchanjwa, kakanyaga msumari wenye kutu, hospitali kachomwa kingamwili za pepopunda mkono huu na toksoidi mkono ule. Eleza kila sindano ni kinga gani na kwa nini zote mbili.

BintiMaabara
Kingamwili ni pasivu bandia, kapewa zilizotengenezwa na mtu mwingine, zinafanya kazi leo leo ila zitaisha na kumbukumbu haziachi. Toksoidi ni aktivu bandia, mwili unajitengenezea, inachelewa lakini kumbukumbu inabaki. Ila nimekwama kitu, si zile kingamwili zitaikamata na toksoidi kama za mama zinavyokamata surua?

FundiHadubini
Hilo swali lako ni zuri kuliko langu. Ndo maana mikono tofauti na sirinji tofauti, zisikutane pale pale. Halafu toksoidi haihitaji kuzaliana ili ifanye kazi, imeshikiliwa na alamu inatoka pole pole, na dozi zingine anarudi kuzimalizia. Surua lazima izaliane, ndo maana mtu aliyepewa kingamwili za damu anasubirishwa miezi kadhaa kabla ya kuchomwa surua.

MkungaWaKliniki
Na langu moja mwanangu. Mtoto kazaliwa leo, damu yake ina IgM ya rubella. Mama kampa?

BintiMaabara
Hapana, IgM ni kubwa, zimeungana tano, haipiti kwenye kondo. Ikiwepo ameitengeneza mwenyewe, maana yake aliambukizwa tumboni. Ingekuwa IgG peke yake nisingesema chochote, inaweza kuwa ya mama.

MkungaWaKliniki
Maksi zote. Kesho nakuletea kichaa cha mbwa, soma kwa nini pale wanachoma kingamwili kwenye jeraha lenyewe.