Naomba ushauri: kazi za nyumbani za wiki, darasa la sita

Habari zenu wapendwa. Nina binti darasa la sita, shule ya serikali. Kila Ijumaa anarudi na kazi za wiki, zote amenakili ubaoni: hisabati, sayansi, Kiingereza. Anazikusanya Jumatatu, daftari linarudi na vema na mkasi, basi. Darasa lao limejaa sana, na simlaumu mwalimu. Kupitia madaftari yote yale moja moja si kazi ndogo.

Kinachonisumbua ni hisabati. Juzi nimemkuta anajumlisha 2/3 na 1/4, akapata 3/7. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Nikamuuliza: 3/7 si ndogo kuliko hiyo 2/3 uliyoanza nayo? Akanyamaza. KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 3 na 4 anaijua vizuri, ni 12, ila haoni inahusiana vipi na swali. Tulipokata karatasi vipande 12 ndipo akaiona 11/12 mwenyewe, na uso ukamchangamka kweli.

Sasa walimu na wazazi wenzangu, nisaidieni. Akikosea, nimsahihishe hapo hapo, au niache kosa liende shuleni ili mwalimu alione? Naona nikisahihisha kila kitu, mwalimu ataamini somo limeeleweka. Tuisheni wengi wananishauri, lakini mtoto anatoka shule jioni amechoka, mimi sioni kama ndiyo dawa. Na mwalimu nimwendeeje ili asione nimekuja kumkosoa?

Natanguliza shukrani.