Naomba ushauri: nimpeleke mama Mount Abu?

Habari zenu ndugu. Nasoma Ahmedabad, India, na Desemba mama anakuja kunitembelea. Mji wa Jaisalmer nimeshafika: ngome ya mwaka 1156 bado inakaliwa na watu, mawe yake ya njano yanang'aa jua likizama, na mchanga wa jangwa la Thar niliukuta viatuni hata wiki iliyofuata. Ila moyo wangu uko Mount Abu, mji ulio juu kwenye milima ya Aravalli. Natamani mama aone mahekalu ya Dilwara ya Wajaini (wafuasi wa Ujaini, dini ya kale ya India), la zamani zaidi ni la 1031, marumaru yote imechongwa kwa mkono. Shida ni magoti yake. Mliowahi kupanda kutoka stesheni ya Abu Road, atamudu? Na baridi ya usiku ikoje?