Vijiti vya kulia vinaniumiza bega, nakosea wapi?

Wakuu, naombeni ushauri. Nafanya kazi ghala la Wachina huku Kurasini, mwezi wa tatu sasa. Mchana tunakula pamoja, kwa vijiti. Kijiko kipo, ila nimeshaingia ubishi na siachi.

Shida ni kwamba navishika vikipishana kama mkasi. Vidole havichezi, kwa hiyo nikitaka kukamata nyama nainua kiwiko, na bega lote linapanda hadi karibu na sikio. Nikimaliza kula, msuli wa kati ya shingo na bega umekaza kama nimebeba gunia Kariakoo nzima.

Kuna mzee pale, kijiti chake cha chini hakitikisiki. Kimelala kwenye panda ya kidole gumba na kuegemea kidole cha pete. Cha juu tu ndicho kinachocheza, kwa kidole cha shahada na cha kati. Kiwiko kiko ubavuni, ametulia. Nimemuiga, nyama ikaruka mezani, wakacheka wote.

Vyetu ni virefu, kama sentimita 25. Vya Kijapani, ambavyo ni vifupi kidogo, vitanisaidia? Na wataalamu wa viungo mliomo humu, nizoeshe vidole kwanza au nipumzishe bega? Usiku nikilalia upande wa kulia nashtuka.