Spea za laptop kuukuu: tuagize mtandaoni au tubaki na Kariakoo?

Fundi Chikongola: Tujadili hili wazi. Mteja hapa Mtwara analeta mashine ya 2012 au 2013, kioo kimepasuka. Ukiulizia Kariakoo unajibiwa "ipo inayofanana". Ndipo hela inapopotea. Mimi nasema tuagize wenyewe mtandaoni, kwa namba ya kifaa chenyewe. Toa kioo, kigeuze, soma stika ya nyuma. Hesabu pini za tundu la waya wa picha: vingi vya zamani ni aina ya LVDS, pini 40, vilivyofuata ni aina ya eDP, pini 30. Angalia tundu la waya liko upande gani na masikio ya skrubu yako wapi. Vioo viwili vya inchi 14 vinaweza kutofautiana kwa yote hayo.

Mtanda Lindi: Kioo nakubali, betri hapana. Tangu Aprili 2016 betri ya lithiamu iliyo peke yake hairuhusiwi kuwa mzigo kwenye ndege ya abiria, na kwenye ndege ya mizigo chaji isizidi asilimia 30. Kwa hiyo inakuja kwa meli, au muuzaji anaiandika jina lingine na ikikamatwa ndiyo basi. Ikikaa njiani mpaka seli zikashuka chini ya kama volti 2.5 kila moja, bodi ya ulinzi ndani yake inaweza kujifunga moja kwa moja. Kwa maduka ya mtaa wa Aggrey, pale Kariakoo, unatuma hela leo, kesho jioni mzigo uko stendi. Na tuseme ukweli, mafundi wengi wa Mtwara ni wabadilisha spea tu, ndiyo maana mmeshikilia kuagiza.

Fundi Chikongola: Wabadilisha spea? Kaka, hilo ulifute. Lindi ndiko mashine ikikataa kuwaka inaandikiwa "mazabodi imekufa", yaani bodi kuu, kabla mita haijatolewa mfukoni. Umepima kama volti 19 za chaja zinavuka mosfeti ya kwanza, ile swichi ya umeme ya kwenye bodi? Umezitafuta volti 3 na 5 za kusubiri, zile zinazopaswa kuwepo kabla hujabonyeza swichi? Kama laini ina shoti, iingizie volti 1 kutoka pawa saplai, ampea ukizipandisha polepole, bodi ikiwa imepakwa spiriti ya isopropili. Panapokauka kwanza ndipo penye kapasita iliyokufa. Hiyo siyo kazi ya mbadilisha spea.

Masasi Elektroniki: Wakuu, mnagombania miji wakati kinachoua bodi ni vifaa vyenyewe. Ile programa nyeusi ya CH341A, ya kusoma na kuandika chipu ya bayosi (programu ya kuwashia mashine), rahisi, kila mtu anaiagiza: chipu inapewa volti 3.3, lakini laini za data zinapanda hadi 5. Chipu nyingi huvumilia, nyingine zinakufa na chipseti inaumia nazo. Tafuta yenye swichi ya volti au irekebishwe kwanza. Chipu za MX25U ni za volti 1.8, hizo lazima adapta. Na kabla ya kufuta bayosi, isome mara mbili ulinganishe mafaili. Faili la chipu ya 25Q64 lazima liwe baiti 8,388,608 kamili. Yakitofautiana, klipu inayobana chipu haijashika vizuri, usiandike chochote.

Mtanda Lindi: Masasi, umeongea la maana. Chikongola, Lindi tunapima. Chumvi ya bahari inakula miguu ya chipu huku kama huko kwenu Shangani, na tunaisafisha kwa brashi na spiriti kabla ya kutamka neno. Usitusemee.

Fundi Chikongola: Basi usitusemee na sisi. Tena hilo la betri halijaisha. ThinkPad T430 inakagua betri: ikiona si halali inakataa kuichaji. Ile "inayofanana" ya Aggrey inaingia vizuri, inajifunga vizuri, halafu haichaji. Hapo kesho jioni yako imesaidia nini?

Mteja wa Ligula: Jamani, sisi wenye mashine tunasoma tu. Mnalipwa hela yote mbele, kifaa kikija tofauti mnasema muuzaji wa nje kakosea. Kwa nini hasara iwe yangu? Na kwa nini spea ya zamani hamrudishi?

Masasi Elektroniki: Dada, spea ya zamani ni mali yako, idai. Ila bei ya mtandaoni siyo bei ya mlangoni, kuna nauli ya mzigo na VAT asilimia 18. Fundi hawezi kubeba yote.

Mteja wa Ligula: Sijasema abebe yote. Namba ya kifaa iandikwe kwenye risiti kabla sijatoa hela. Kikija chenye namba nyingine, fundi anarudisha. Msimu wa korosho ukifika mnapokea mashine kumi kwa siku na hakuna risiti hata moja.

Fundi Chikongola: Namba kwenye risiti naafiki, na picha ya stika mteja abaki nayo. Lakini kuchelewa sikubali kulipishwa. Mei 2024 barabara ilikatika kule Kilwa, hata mzigo wa Kariakoo ulikwama.

Mtanda Lindi: Ulikwama, ndiyo, ila ulikuwa upande huu wa bahari. Na bado hujafuta lile neno la mazabodi.